Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mikutano minne ilifanyika, palizi ya shamba la pamoja ilikwenda kama kawaida, na hesabu za mweka hazina mnazo. Sitazirudia.

Nizungumzie mbegu 60 za adesi mwitu (Lens ervoides), maana maneno yamekuwa mengi. Niliagiza 30 zipandwe na 30 ziwekwe akiba. Wapo walioniita mchoyo. Sijutii. Vita vya Syria vilipoikatia njia benki ya mbegu ya ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, karibu na Aleppo, kilichowaokoa ni akiba waliyoiweka kwenye ghala la mbegu la dunia huko Svalbard, Norwei. Mwaka 2015 walianza kuitoa wakaizalisha upya Lebanoni na Moroko. Adesi mwitu hii hii ndiyo watafiti wa Kanada walioitumia kuipa adesi ya shambani kinga ya chule, ugonjwa wa ukungu. Mbegu ya namna hiyo haimwagwi yote ardhini kwa msimu mmoja.

Zile 30 walipewa wanachama sita, tano tano. Watatu walizifukia kama zilivyo, na wiki tatu baadaye walizifukua zikiwa kavu, ngumu kama changarawe. Mbegu hazikuwa mbovu: ngozi yake haipitishi maji. Nilieleza haya mkutanoni, lakini tulikuwa watu tisa tu. Narudia. Chonga ngozi kidogo kwa wembe, upande ulio mbali na kitovu (lile kovu mbegu iliposhikana na ganda), usije ukakata kiini. Loweka usiku mmoja. Isiyovimba asubuhi, ichonge tena. Panda kina cha sentimita 1 hadi 2 kwenye udongo wenye mchanga, na ongeza konzi ya udongo wa tuta la njegere, kwani bakteria wa mizizi ni wale wale. Mmea ukikua, pasua kinundu kimoja cha mzizi, wanamoishi bakteria hao: kikiwa na rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. Maji yakituama, mizizi inaoza.

Mavuno nayo yalipotea ovyo. Ganda hubeba mbegu moja au mbili, na likikauka hujisokota, likapasuka na kuzirusha. Lichume linapoanza tu kugeuka kahawia, asubuhi umande ukiwapo, ulitie kwenye mfuko wa karatasi likapasukie humo.

Ada: wamelipa 17 kati ya 41. Inasikitisha sana. Tukijaliwa, mwakani tutapata wavu na friji ya akiba.

Anayetaka mbegu msimu ujao amalize ada kwanza, na aje na wembe mpya.

Mwenyekiti