Wanangu mafundi, mnaposema "mzigo" mnasema upi?

Wanangu mafundi wa Jinja, ninyi mnaojenga na ninyi mnaovuta nyaya, salaam.

Nawaandikia kwa sababu ya neno moja ninalolisikia saiti kila siku: mzigo. Kuli akilitaja anawaza mfuko wa saruji wa kilo 50 begani. Fundi umeme akisema "laini hii ina mzigo mkubwa", hazungumzii kilo hata moja. Mama aliyefiwa na mume akisema ameachiwa mzigo, tunamwelewa pia, na hapo hakuna mizani. Hatari huja pale mmoja anaposema lake na mwenzake akasikia lake.

Miaka iliyopita nilisimamia nyumba ambayo mwenyewe alitaka tangi la lita 5,000 juu ya slabu, lile bapa la zege linalofunika vyumba. Vijana walilipandisha kwa kamba wakaniambia, "Mzee, hili halina mzigo." Nikanyamaza. Kweli, tangi tupu la plastiki ni jepesi. Lakini lita ya maji ni kilo moja, kwa hiyo likijaa ni tani tano, nasi tulikuwa tumeliketisha katikati ya chumba, mbali na kuta. Baada ya wiki chache ufa ulitokea chini ya boriti, mwembamba kama uzi, palepale katikati. Kosa lilikuwa langu, si la vijana.

Slabu yenyewe ni mzigo. Zege la meta moja ya mraba, unene sentimeta 15, lina kama kilo 360 kabla hujaweka hata kiti, na uzito huo hauondoki. Watu, maji na samani huja na kwenda. Vyote vinahesabiwa, kisha unauliza: mzigo umekaa wapi? Boriti iliyolala juu ya kuta mbili, ukiirundikia tani moja katikati, hupindwa kwa nguvu mara mbili ya tani hiyohiyo ikitandazwa urefu mzima.

Mama zetu wanalijua hili bila kalamu. Jerikeni ya lita 20 haipungui uzito kwa sababu ya ngata, ile Waganda wanayoiita enkata, lakini ngata huutandaza uzito, utosi usiumie. Kitako cha zege chini ya nguzo ni ngata ya nyumba. Msikibanie saruji.

Kwenu wa umeme, mzigo ni kila kifaa kinachokula umeme. Kwa volti 240, pasi ya wati 1,200 huvuta mkondo wa ampea 5, na birika la wati 2,400 huvuta 10. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto kwenye waya huongezeka mara nne. Kwa hiyo mwenye nyumba akikwambia "ongeza soketi moja tu", muulize atachomeka nini.

Na mwulizane ninyi kwa ninyi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, huuoni uzito wake; ndiyo sababu fundi umeme hukata ukuta pa kupitisha mabomba ya nyaya bila kujua juu yake kimeegemea nini.

Lile tangi tulilishusha, tukalijengea mnara wake nyuma ya nyumba. Jumamosi huwa nipo nyumbani, Walukuba. Mwenye ramani anayoitilia shaka aje nayo tuitazame pamoja, ila aje kabla ya kumwaga zege.

Mzee wenu