Mita elfu moja zilizomezwa na lava

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya kiwanja chetu cha ndege cha Goma, ambacho vijana wengi wanakijua kwa foleni na mizigo tu. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikafunika upande wa kaskazini wa barabara ya kurukia iliyokuwa na urefu wa mita 3000 hivi, na kwa miaka mingi baadaye ndege zikabaki na takribani mita 2000. Urefu huo ni mdogo kwa ndege kubwa iliyojaa, hasa katika mji ulio mita 1500 juu ya bahari, ambako wepesi wa hewa huilazimu ndege kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka.

Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa barabara na kuwavamia watu wa mtaa wa Birere waliokuwa kwenye biashara zao. Tarehe 24 Novemba 2019 nyingine, ndogo, iliangukia nyumba za mtaa wa Mapendo. Wengi wa waliokufa katika ajali hizo mbili, nasema kwa uchungu, hawakuwa wasafiri.

Kwa hiyo naomba wakuu wa kiwanja waweke ndani ya jengo la abiria kibao chenye majina ya marehemu hao, na wasikubali nyumba mpya kujengwa mbele ya barabara ile ya kurukia.

Msomaji wako, Goma