Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: talaka ya Muscat, nyumba ya Tanga

Mheshimiwa Waziri, salaam na pole na majukumu.

Najua kila ikitajwa Sheria ya Ndoa ya 1971 watu wote wanakimbilia umri wa kuolewa, vile vifungu vya 13 na 17 ambavyo Mahakama ya Rufani ilishasema lake 2019. Sina ugomvi na hilo, limalizwe liishe. Ila kuna tundu lingine kwenye sheria hiyohiyo halipigiwi kelele kabisa, maana wanaotumbukia humo ni wanawake ambao waume zao wako Oman, Dubai, Uingereza huko, na wengi wao hawajui kama wametumbukia mpaka siku dalali anapiga hodi na mteja wake anataka kuona vyumba.

Ishu iko hivi. Mwanaume yuko Muscat miaka, mke kabaki Tanga na watoto. Siku moja jamaa anatoa talaka hukohuko, anaenda mahakamani kwao inaandikishwa, inagongwa muhuri, inapigwa picha, inatumwa Whatsapp. Kidini imepita na kwa sheria ya huko imepita, mi sibishani na talaka hata kidogo. Ninachouliza ni kimoja tu, huyu mama akitaka mgao wa nyumba waliyojenga wote, anakwenda mahakama gani na anasimama kwenye kifungu gani?

Maana ukisoma kifungu cha 114, mahakama inagawa mali zilizochumwa kwa nguvu za pamoja pale inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baada ya kuitoa. Mgao umefungwa kwenye amri. Matunzo ya mtalaka kwenye 115 nayo ni hivyohivyo. Halafu 91 na 92 zinakwambia talaka ya nje inatambuliwa hapa kwetu, 91 kwa zilizotolewa na mahakama, 92 kwa zilizotoka bila mahakama, ilimradi masharti ya makazi ya wahusika yametimia. Sawa, ndoa imetambuliwa kwamba imekufa Muscat, sasa amri ya kushikia huo mgao itatoka wapi? Ndoa iliyokwisha huwezi kuivunja tena, na 114 yenyewe haisemi lolote kuhusu talaka ya nje.

Na kuna 59, hii ndo inauma zaidi. Inasema mume au mke asiuze wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali, ni kinga nzuri sana ile, ila kuna maneno madogo mle ndani: wakati ndoa ipo. Kwa hiyo siku talaka ya Muscat inapotambuliwa kinga inaondoka, na mgao bado haujafika. Hapo katikati ndipo nyumba zinapouzwa.

Nakuandikia hivi kwa sababu nimeona kwa dada yangu, mtoto wa mama mdogo. Mume alikuwa anatuma hela, yeye ndo anasimamia fundi. Ana daftari la shule lile la kurasa mia moja, kaandika kila kitu kwa kalamu ya bluu, saruji mifuko kumi, nondo, mchanga lori moja, maji ya dumu, hela ya chai ya mafundi, na bati alilolipia yeye kwa hela ya kikoba wakati jamaa alikuwa amekwama mshahara huko. Hati ya kiwanja ina jina moja tu na sio lake. Amekwenda mahakamani na lile daftari na ile picha ya karatasi ya Kiarabu kwenye simu, karani kaitazama kamwambia mama wewe umeshaachika, tukuvunjie ndoa gani? Simlaumu sana yule karani, kasoma kilichoandikwa. Baadae mtu mmoja anayejifanya anazijua sheria kamshauri aifute ile picha afungue shauri kama vile bado yuko kwenye ndoa. Yaani mtu mzima aende akaape uongo ili apate haki yake.

Lakini angalia kichekesho chake, Mheshimiwa. Chukua mwanamke mwingine aliyeachwa kwa voisi noti, mume kakasirika kasema nimekuacha kakata simu, hakuna kadhi hakuna muhuri, na wote wawili makazi yao ya kudumu ni hapa Tanzania. Talaka hiyo kisheria hapa haisimami, kwa hiyo yeye bado mke. Anaweza kufungua shauri la talaka, na hata ule ulazima wa kupita kwanza bodi ya usuluhishi 101 inamsamehe kama mume yuko nje na haelekei kuingia nchini ndani ya miezi sita. Waliotunga mwaka 1971 walishamfikiria mume aliye ng'ambo! Huyu mama anapata amri, anaingia 114, anapata mgao wake. Mwenye talaka ya ovyo ana nafuu, mwenye talaka safi yenye mihuri yote anabaki barazani. Kuna mtu alikaa akaipanga hivi kweli? Mi naona hapana, ni pengo tu, na pengo linazibwa.

Na sio kwamba tutakuwa wa kwanza. Uingereza walibanwa hapahapa, na waliobanwa nao walikuwa Waislamu. Mwaka 1979 kesi ya mke na mume wa jina la Quazi ilifika kwa mabwana wa House of Lords, wakati huo ndo mahakama yao ya mwisho, wakaitambua talaka ya Pakistan, na ikishatambuliwa mahakama za Uingereza hazikuwa na uwezo tena wa kugusa nyumba iliyoko hukohuko Uingereza. Tume yao ya sheria ikaandika ripoti 1982, na 1984 bunge likapitisha sheria kwamba aliyeachwa nje anaweza kuomba mgao kule, ila kwanza aombe ruhusa ya mahakama, na mmoja wao awe na makazi ya kudumu kule au ameishi mwaka mzima, au wawe na nyumba yao ya ndoa kule. 2010 mahakama yao ya juu ikaitumia kwa mama mmoja wa Kinigeria kwenye kesi ya Agbaje, hiyo haikuwa talaka ya Kiislamu lakini mlango ni uleule, waliachana Nigeria na mama akapata asilimia 65 ya bei ya nyumba ya London, pauni 275,000 hivi.

Ila tusikopi kila kitu. Sheria yao inataka talaka iwe imepitia mahakama au utaratibu fulani rasmi, kwa hiyo talaka ya mdomo tupu, hata pale wanapoitambua, inamwacha mwanamke nje ya mlango. Hapo na wao wana tundu lao.

Najua wapo watakaosema hii ni kuingilia dini, kwamba mwanamke wa Kiislamu haki yake ni mahari, eda na kitoka nyumba, kile anachopewa mtalaka anapoachwa, basi. Kitoka nyumba chenyewe kina aya yake, Baqara 241, na ningependa kuwaona hao wanaobishana wangapi wamekitoa. Lakini suala la mali tulishalivuka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na mumewe aliyemwacha, Ally Sefu, wote walikuwa Waislamu na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali. (Mwenyewe alitoka mikono mitupu, mahakama ilisema mtaji aliopewa na mume aliuponda, lakini msingi ukabaki kwa wote.) Kwa hiyo kama Bi Hawa aliyeachwa hapahapa nchini mahakama ilimsikiliza, huyu aliyeachwa kwa karatasi ya Muscat asisikilizwe kwa lipi?

Ninachoomba sio sheria mpya nzima. Ongezeni maneno kwenye 114 na 115 kwamba talaka inayotambuliwa chini ya 91 au 92 ihesabiwe kama amri ya mahakama ya hapa kwa ajili ya mgao na matunzo, iwe ya mahakama ya nje au ya mdomo. Wekeni sharti la mwombaji kuwa ameishi hapa mwaka mmoja au mali iwe hapa, watu wasije kutoka kokote kutafuta mahakama yenye huruma. Kama alishapewa kitu huko nje kihesabiwe, asilipwe mara mbili. Na 59 iendelee kuilinda nyumba japo miezi sita baada ya talaka kutambuliwa, na akishafungua maombi iendelee mpaka yaamuliwe. Hili la mwisho kama haliwezekani kwa haraka bungeni, basi hata maelekezo kwa maofisa ardhi, kwamba anayeuza nyumba akisema ameacha mke huko nje waulize mtalaka yuko wapi kabla ya kuhamisha hati.

Rasimu ikitoka itoke kwa Kiswahili, tangu 2021 ndo lugha ya sheria zetu. Nitaichapa mwenyewe niipeleke kwenye kikoba chetu wanawake waisome kabla ya kutoa maoni.

Mkazi wa Tanga