Vidudu vinavyoogelea kwenye tanki la maji chumvi: usimwage dawa kwanza

Meseji tunazopata sana ni zile za usiku. Mtu kazima taa ya tanki, kapita na tochi, kakuta vidudu vyeupe vimejaa kwenye kioo vinarukaruka, anatuuliza amwage dawa gani. Jibu letu ni lilelile siku zote, usimwage kitu. Dawa nyingi za vidudu vya samaki zina shaba, na shaba inaua kamba na konokono na matumbawe, halafu mawe yanainyonya inabaki humo, kuitoa ni kazi kweli. Kuna mteja alitufuata akiwa kashamwaga, konokono wote wamekufa, kumbe alichoona ni kopepodi tu, vidudu visivyo na madhara, iliniuma sana.

Cha kwanza angalia kinavyotembea. Rangi inadanganya.

Kopepodi ni kinukta cheupe cha milimita 1 au 2, kinaruka kidogo kinasimama kinaruka tena. Kwenye tanki jipya wanajaa wiki za mwanzo kwa sababu ule uchafu wa kahawia kwenye kioo ni chakula chao na hakuna anayewala, baadaye wanapungua wenyewe. Kama unafuga samaki mandarini hao ndio msosi wake, anawadonoa kutwa nzima, kwahiyo furahi.

Kikubwa zaidi, mwili umepinda na umebanwa ubavuni, kikikuona kinakimbilia kwenye mawe, huyo ni amfipodi, anakula mabaki. Ukiona kama uduvi wanaelea kwa kundi na macho yamechomoza, ni maisidi. Wote hao waache, wamekuja na mawe au matumbawe na wanakufanyia usafi bure.

Kuna na vidude kama yavuyavu wadogo, viduara angavu vinavyofumba na kufumbua. Hivyo mara nyingi vinapotea vyenyewe, ila kama ni vingi vivute kwa mpira wakati unabadilisha maji.

Anayenitia wasiwasi mimi ni mmoja, isopodi anayenyonya samaki. Mwili wake ni bapa juu kwa chini, una pingili, na macho makubwa meusi yanachukua sehemu kubwa ya kichwa, anaogelea kasi sana. Isopodi wengine wapo wa kawaida, macho madogo, wanatambaa kwenye mawe na hawana neno, kwahiyo macho ndio ya kuangalia. Ukimkuta kang'ang'ania samaki usisubiri kesho, mtoe samaki umbandue huyo mdudu kwa kibano, taratibu usichane ngozi, halafu samaki wote wahamie tanki lingine. Lile kubwa libaki bila samaki kwa miezi, maana huyu anavumilia njaa muda mrefu, na usiku weka mtego wenye kipande cha nyama ya kamba ndani, chupa yenye mdomo mwembamba inatosha. Inachosha lakini hamna njia ya mkato.

Ukitaka tukusaidie kumtambua tutumie video ya sekunde 10, sio picha, kwenye picha tunaona nukta tu. Mvute mmoja kwa bomba la sindano umuweke kwenye kisahani cheupe chenye maji ya tanki, weka rula pembeni, na utuambie mara ya mwisho uliingiza jiwe au tumbawe lini.