Maneno mafupi ya Kiingereza ndiyo yanayowaangusha wanafunzi wetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno moja la Kiingereza lenye herufi tatu tu, "set", na jinsi linavyowatesa wanafunzi wa sekondari huku kwetu Dodoma. Mimi ni mwalimu wa kemia na biolojia katika shule ya kata wilayani Chamwino. Kila matokeo yanapotoka, katika vikao vya wazazi na hata kwenye ofisi za walimu, nasikia kauli ileile: watoto wanafeli sayansi kwa sababu ina maneno magumu ya Kiingereza. Sikubaliani na kauli hiyo. Maneno magumu tunayafundisha. Yanayowaangusha ni yale mepesi ambayo hakuna anayeyafundisha.

Chukua "photosynthesis". Ni neno refu, linatisha kulitamka, lakini mtoto aliyemaliza darasa la saba tayari analijua jambo lenyewe kwa jina la usanisinuru. Mwalimu analiandika ubaoni, darasa zima linalitamka, linaingia daftarini, na maana yake ni hiyo hiyo moja kuanzia kidato cha kwanza hadi chuo kikuu. Sasa "set" linapita katikati ya sentensi kimya kimya. Mwalimu halisimamishi kwa kuwa yeye analielewa. Mwanafunzi halisimamishi kwa kuwa anadhani analielewa. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Nitoe mfano niliouona kwa macho yangu. Tulikuwa tunasoma habari za plasta ya Paris, ule unga mweupe unaopatikana kwa kuchoma jasi, madini ambayo huku kanda ya kati yanachimbwa Itigi. Kitabu kinasema unga huo ukichanganywa na maji "sets". Binti mmoja wa kidato cha tatu, hodari sana wa hisabati, aliandika kwenye daftari lake kwamba unga ukitiwa maji hugawanyika katika makundi. Nilipomuuliza makundi ameyatoa wapi, alinijibu bila wasiwasi, "Mwalimu, si seti?" Hisabati ilikuwa imemfundisha seti: vitu vilivyokusanywa pamoja, vikafungwa ndani ya mabano, au vikachorwa kwa michoro ya Venn. Alifikiri sawasawa kabisa kwa maana aliyokuwa nayo. Kitabu kilimaanisha kwamba unga unashika na kuwa mgumu, kama zege linavyoshika, jambo ambalo kwa ujenzi unaoendelea Dodoma hivi sasa hakuna mtoto asiyeliona. Kwa mtihani wa taifa, jibu lake ni sifuri.

Na hiyo ni kemia tu. Mtoto huyohuyo akiingia kwenye jiografia anakuta jua "sets", yaani linatua. Ukurasa unaofuata mvua "set in", yaani zimeanza na zimekuja kukaa, kama zetu za kuanzia Desemba. Kwenye fizikia anaambiwa "set up the apparatus", apange na kuunganisha vifaa, kisha anapewa "a set of masses", mawe ya mizani yanayokwenda pamoja. Historia inamweleza kwamba wakoloni "set up" utawala wao. Kwenye biolojia, ua la mzabibu lililochavushwa "sets fruit", maana yake limeshika tunda. Wazazi wa Hombolo na Makutupora wanaoishi kwa zabibu wanalijua jambo hilo kuliko sisi walimu. Mwalimu wa somo anayetunga mtihani naye "sets" mtihani. Na kana kwamba hayo hayatoshi, neno lenyewe halibadiliki likienda wakati uliopita: jana ni "set", leo ni "set". Mtoto anayetafuta alama ya wakati kwenye kitenzi haioni.

Wenye lugha yao wenyewe wanajua uzito wa jambo hili. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, "set" ndilo neno lililopewa maelezo marefu kuliko maneno mengine yote, likiwa na maana zaidi ya 400. Baadaye, walipoanza kuiandika upya kamusi hiyo, "run" likalipita: kitenzi hicho peke yake kilifikishiwa maana 645. Mwanafunzi wangu anatembea na kamusi ya mfukoni inayompa maana mbili au tatu, na mara nyingi ile anayoihitaji haimo. Wenye simu wanabofya programu ya kutafsiri, nayo inachagua moja na kuwapa kwa uhakika wote. Hawana pa kuhakikishia.

Baadhi ya walimu wenzangu husema maana hizo hazina mpangilio, kwa hiyo dawa ni kukariri. Nadhani tunaweza kuwasaidia zaidi ya hapo. Kitenzi "set" kwa asili ni ndugu wa "sit", kukaa. Uhusiano wao ni uleule wa keti na ketisha. Ukimwambia mtoto kwamba ni kukiketisha kitu mahali pake, maana nyingi zinajipanga zenyewe: mfupa uliovunjika unarudishwa mahali pake, mtego unategwa, meza inaandaliwa, saa inarekebishwa, zege linatulia na kushika. Hata jua: sisi tunasema limetua, neno lilelile tunalolitumia kwa ndege inayoshuka uwanjani na kwa mtu anayetua mzigo kichwani. Maana ya kundi imepitia mlango mwingine, kutoka Kilatini kupitia Kifaransa cha zamani, kisha mito hiyo miwili ikachanganyika. Mtoto akijua kwamba kuna upande wa kuketisha na upande wa kundi, ana pa kuanzia kila anapolikuta neno hili. Si kila matumizi yatakubali, lakini mengi yatakubali.

Tena mtoto haji mikono mitupu. Nyumbani kuna sofa seti na seti ya sufuria. Dada yake anaseti nywele saluni. Kaka anaseti alamu kwenye simu. Shuleni wanacheza mpira wa wavu kwa seti. Ule mkebe wake wa hesabu umeandikwa neno hilohilo juu ya kifuniko. Anayo maana kadhaa tayari, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hilo ni neno lile lile lililoko kwenye kitabu cha kemia.

Lugha yetu nayo inafanya hivi hivi. Mgeni akitaka kujifunza "piga" kwa maana moja, atashangaa tunavyopiga simu, pasi, deki, mswaki, kura, hodi, magoti, chafya na picha, na katika hayo yote hakuna anayeumizwa. Sisi hatukuyakariri. Tuliyasikia pamoja na wenzake: pasi ilikuja na kupiga, deki ikaja na kupiga. Ndivyo "set" linavyotakiwa kufundishwa, likiwa limeshikana na maneno linalotembea nayo, ndani ya sentensi za somo husika, na si kwa kuandika neno moja kushoto na tafsiri moja kulia.

Najua wapo watakaosema tatizo lote lingekwisha kama Kiswahili kingetumika hadi sekondari, au kama Kiingereza kingetumika tangu darasa la kwanza. Mjadala huo ni mkubwa na una wenyewe. Januari kidato cha kwanza wataingia darasani, sera ikiwa ilivyo, na hao ndio ninaowasemea.

Kwa hiyo nina maombi. Taasisi ya Elimu Tanzania inapohariri vitabu vya kiada, iangalie maneno haya mafupi, "set", "run", "get", "take", "bear", "yield", na mwishoni mwa kila mada iweke yale yaliyotumika humo, kwa maana iliyotumika humo tu. Watunga mitihani, pale ambapo somo linalopimwa si Kiingereza, wachague neno lenye maana moja. "Assemble the apparatus" ni refu kuliko "set up", lakini kwa mtoto wetu ni jepesi, kwa sababu akilifungua kwenye kamusi yake halimchanganyi. Swali la fizikia lipime fizikia.

Ombi la tatu ni kwetu walimu, nalo halihitaji fedha wala waraka. Tunavyo vikao vya MEWAKA, vya mafunzo yetu endelevu kazini. Kipindi kimojawapo mwalimu wa Kiingereza akae na sisi wa sayansi, tuje na vitabu vya kidato cha kwanza, tupitie mada za muhula wa kwanza ukurasa kwa ukurasa na kuyapigia mstari maneno mafupi yenye maana nyingi. Yeye atayafundisha katika zile wiki za mwanzo za kozi ya awali ya Kiingereza kabla sisi hatujayafikia. Shuleni kwetu tumeanza na mada ya vifaa vya maabara, na orodha ya mada hiyo peke yake imejaza ukurasa mzima wa daftari. Shule yoyote ya Chamwino, Bahi au Kongwa inayotaka kuiona, ilete mwalimu wake kwenye kikao, tuigawane.

Mwalimu wa sayansi,
Chamwino, Dodoma