Ulichoniuliza kwenye simu

Umoja, Nairobi

Mama Baraka mpenzi,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, mvua tu ndiyo imetuchosha. Juzi uliniuliza, "Huyo mtu akishaketi mbele yako, unamwambia nini?" Nikacheka, kwa kuwa nilikuwa kwenye matatu na haya si ya kusemwa kwenye matatu.

Simwambii kitu. Ubaya umeanzia kwenye jina lenyewe la kazi yangu, mshauri nasaha. Shauri juu ya shauri! Mtu anafika akingoja nimpimie kama dawa ya kikohozi. Mwaka wangu wa kwanza nilipima kweli. Mama mmoja alinieleza ya ndoa yake, na kabla hajamaliza nikamwambia afungashe arudi kwao. Alinishukuru, akaniombea na baraka. Hakuja tena. Mpaka leo sijui kama alienda, au aliona haya kuniambia kwamba hakwenda.

Siku hizi naanza na usingizi. Wengi hawaji wakisema wana huzuni. Watasema kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, mawazo ni mengi. Siwasahihishi. Nauliza tu, unaamka saa ngapi? Mtu akijibu, "Saa tisa usiku, kila siku, naangalia mabati," basi tumeshaanza. Halafu nanyamaza. Tishu naiacha mezani, upande wake. Ukimkabidhi anayelia, anaona umemwambia apanguse, yaishe.

Kuna jambo moja ambalo silizungushi. Nikihisi mtu amechoka na maisha, namuuliza waziwazi kama amefikiria kujiua. Zamani niliogopa kwamba nitampa wazo. Kuuliza hakumpi mtu wazo. Wengi hushusha pumzi. Kilichowafunga mdomo ni hofu, na sheria ilichangia. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na ungeweza kufungwa hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Lakini habari za mahakama hazifiki haraka huku mitaani. Bado naulizwa, "Hutaniripoti?" Na mwingine, kwa sauti ya chini zaidi, "Hutanipeleka Mathari?" yaani hospitali ya wagonjwa wa akili.

Kwa hiyo mapatano nayafanya siku ya kwanza na kila anayekuja: ya hapa hayatoki, ila uhai ukiwa hatarini nitamhusisha mtu mwingine, na wewe ndiwe utakayejua kwanza. Na tukikutana njiani, sitakusalimu mpaka unisalimu.

Hilo la mwisho ni gumu kuliko unavyodhani, maana ujirani wetu unaujua. Ile siku uliponipigia, aliyekaa ubavuni mwangu alikuwa mmoja wa wanaokuja kwangu. Jogoo Road yote, foleni na muziki, sisi kimya kama watu wasiojuana. Alipofika kwake akanimiminia njugu kiganjani, akamgongea kondakta na kushuka.

Mbusu Baraka. Na uniambie kama mguu wa mama umepoa.

Wako,
Mama Tumaini