Taa za dashibodi zikizimika, tazama na taa za nyuma

Mhariri,

Nina pikapu ya mwaka 1992 ninayobebea nyanya kati ya Mikumi na Morogoro. Mwezi uliopita, usiku, taa za dashibodi zilizimika ghafla. Taa kubwa zilikuwa zinawaka, nikaendelea na safari huku nikimulika mita ya spidi kwa simu. Dereva wa lori lililokuwa nyuma yangu ndiye aliyenisimamisha. Alinusurika kunigonga, maana taa zangu za nyuma nazo zilikuwa zimekufa.

Magari mengi ya zamani ya Kijapani yana fyuzi moja inayolisha taa za nyuma, taa ya namba na mwanga wa dashibodi. Ikikatika, dereva huona giza la mbele yake tu. Madereva wenzangu, shukeni mtazame na nyuma!

Fundi wa kwanza alitoa fyuzi ya ampea 15 akafunga waya wa shaba. Taa ziliwaka, kisha nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Mafundi wetu, nawasihi, acheni kabisa mtindo huu. Fyuzi huwekwa ikatike kabla nyaya hazijashika moto. Fundi wa pili alifuatilia nyaya hadi kwenye taa ya namba, akakuta mmoja umechubuka na unagusa bodi. Akauzungushia utepe, akaweka fyuzi mpya.

Kama za nyuma zinawaka na dashibodi pekee ina giza, zungusheni kwanza kitufe cha kupunguza mwanga, ndipo mkague balbu.

Mkulima na dereva,
Kihonda, Morogoro